Rangi ya motokari njo mushahara wetu: tujifunze kuilinda ku lupango

Ndugu wafanyakazi, na ninyi ba mama wenye kushika nyumba wakati bwana iko ku kazi, leo siongei juu ya bareme ya mishahara wala juu ya prime. Nataka kuongea juu ya rangi ya motokari. Wengine watacheka: delege wa sendika anaandika juu ya kungarisha motokari, mambo gani hii? Musome mupaka mwisho, kisha mutaniambia kama ni neno la kucheka.

Tufanye hesabu pamoja. Mufanyakazi wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi ao wa Lubumbashi, siku ananunua motokari, ananunua ya okazio. Nyingi zinatoka Japani, zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinavuka Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Hailipi na franka za mwezi mumoja. Analipa na likelemba, na avansi ya kazi, na bibi yake anangojea kitenge mwaka mwingine tena. Kisha miaka mitatu ile motokari iko na kapo yenye kutoka maganda sawa ngozi ya nyoka, paa imekuwa nyeupe, taa za mbele zimekuwa manjano. Motere ingali nzima. Lakini siku anataka kuiuzisha kwa kulipa masomo ya mutoto, munumuzi anaangalia inje tu na anakata bei nusu. Ile nusu ilikuwa mushahara wetu. Tuligombana na patron kwa kuipata, na tumeiacha jua na vumbi viikule bila kusema neno.

Neno langu ni moja: kila nyumba ya mufanyakazi yenye kuwa na motokari ijifunze kulinda rangi yenyewe, ku lupango, na mikono yake. Si kazi ya uchawi. Lakini iko na namna yake, na mutu asipoifuata anaharibu zaidi kuliko yule asiyefanya kitu.

Kitu gani kinaua rangi kwetu

Rangi ya motokari ya sasa iko na tabaka. Juu ya chuma kuko rangi ya kwanza yenye kukamata chuma, kisha rangi tunayoona, kisha verni juu yake. Ile verni njo inangara na njo inazuia jua. Unene wake ni mikroni 40 ao 50 hivi. Unywele wa kichwa cha mutu ni karibu mikroni 70. Ni kusema kila kitu munachoita uzuri wa motokari kiko ndani ya ngozi moja nyembamba kupita unywele. Ikiisha, hairudi. Hakuna polishi duniani yenye kuzaa verni.

Sasa muone inchi yetu. Lubumbashi iko karibu na metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1.400. Jua la huku juu linachoma, na linaanza na paa na kapo kwa sababu vinaangalia mbingu siku muzima. Kutoka mwezi wa 5 mupaka mwezi wa 9 hakuna mvua, ni vumbi tu la malori. Na vumbi letu si unga wa mihogo. Ndani yake kuko kwarz, na kila mutu wa mugodi anajua kwarz inakwaruza hata kioo. Ku kipimo cha ugumu ambacho wajeolojia wanatumia, kwarz iko 7, kioo iko kati ya 5 na 6, malakiti haipite 4. Verni ni laini kupita hizo zote. Mutu mwenye kupangusa motokari yenye vumbi na kitambala kikavu, anaikata na mawe madogo elfu na elfu.

Ongeza asidi. Viwanda vyetu vinayeyusha shaba na asidi ya sulfuriki, malori yake yanapita kila siku. Tone moja likianguka ku kapo na jua likilikausha, linachimba. Chokaa wanayotupa kwa kuzima asidi nayo inachimba, kwa upande wake. Mavi ya ndege na maji ya mangwe yenye kuanguka juu ya motokari ni vilevile. Dawa ya hayo yote ni maji mengi, na haraka, siku ileile.

Mbele ya kungara, tulinde batoto

Hapa njo naomba munisikilize vizuri, juu ni hapa njo neno hili linaingia ndani ya kazi ya sendika.

Mwaka wa 2018 walimu wa Université de Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubeleji walitoa utafiti juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya manyumba. Walikuta kobalti nyingi ndani ya damu na ndani ya mukojo wa wakaaji, na zaidi kwa batoto, na vumbi la ndani ya manyumba lilikuwa nayo. Mwaka wa 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulionyesha kwamba batoto wenye kuzaliwa na vilema walipatikana zaidi kwa ba papa wenye kufanya kazi ya mugodi. Vumbi la kazi linafuata mutu mupaka nyumbani: ndani ya viatu, ndani ya nguo ya kazi, na ndani ya motokari.

Sasa tuangalie siku ya posho kwa kartie. Papa anatoka ku kazi, motokari iko nyekundu ya vumbi. Anaita batoto: leteni ndoo! Batoto wanapangusa kapo na kitambala kikavu, wanapiga makapeti ku ukuta, vumbi linapanda, kadogo ka mwisho kanacheza ndani ya yale maji machafu. Mama iko anasonga bukari metre tano mbali. Tunaita hiyo usafi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kungarisha motokari ku nyumba ya mutu wa mugodi ni hii: mutoto asiguse vumbi la mugodi. Papa ao kijana mukubwa njo afanye. Vumbi liondolewe na maji, hapana kwa kufagia ao kupangusa pakavu. Makapeti yapigwe maji, hapana ku ukuta. Maji yatirike mbali na kisima, mbali na mboga za mama. Kitambala cha motokari kisiingie ndani ya beseni moja na nguo za mutoto. Hii haiombe franka.

Namna ya kuosha

Osha asubui mapema ao magaribi, ku kivuli, wakati chuma kiko baridi. Ukiosha ku jua la saa sita, sabuni inakauka na inaacha madoa.

Mwaga kwanza maji mengi juu ya motokari yote bila kuigusa. Acha vumbi lishuke lenyewe. Kisha chukua ndoo mbili. Moja iko na maji ya sabuni, ingine iko na maji safi tu. Ukipitisha eponji ku motokari, isukutue ndani ya ndoo ya maji safi mbele ya kuirudisha ndani ya sabuni. Utashangaa kuona muchanga chini ya ile ndoo ya pili. Ule muchanga wote ungerudi kukata rangi yako. Anza na paa, shuka kapo, milango, mwisho chini. Magurudumu yawe na eponji yao.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo tuiachie nguo. Ni kali, inatoa nta yote ya kulinda na inakausha mipira ya milango. Shampoo ya motokari iko ku maduka, chupa moja inaenda miezi. Na wale wenye kupangusa motokari na gasoil ili ingare, inangara saa mbili, kisha vumbi lote la barabara linashika pale. Waache.

Kausha na kitambala laini cha mikrofibra, ukikipakaza polepole. Hapana shati ya zamani yenye vifungo.

Polishi si mafuta, ni musasa

Kisha kuosha, ingiza mukono ndani ya sashe nyepesi ya plastiki na uupitishe polepole juu ya kapo. Ukisikia ni laini sawa kioo, muzuri. Ukisikia vipelepele, kuko vitu vilivyoshika: chuma kidogo, lami, chokaa. Kwa kutoa hivyo kuko udongo maalumu wenye kufinyangika sawa pate ya mukate. Unaloanisha rangi na maji yenye shampoo kidogo, unapitisha ule udongo bila kukaza mukono, unaukunja kila mara upate upande safi. Ukianguka chini, utupe. Umeokota mawe, na mawe yatakata.

Sasa polishi. Watu wengi wanazani polishi ni mafuta ya kupakaa, sawa vile tunapakaa mutoto kisha kumuogesha. Hapana. Polishi ni musasa mudogo sana ndani ya maji mazito. Inangarisha kwa sababu inakata verni kidogo, mupaka mikwaruzo midogo inalingana na sehemu nyingine. Kila mara unapiga polishi, unakula ndani ya zile mikroni 40. Kwa hiyo mutu mwenye kupiga polishi kila mwezi, siku moja atamaliza verni na atafika ku rangi. Mara moja kwa mwaka inatosha, na mara nyingi hata hiyo ni nyingi.

Pitisha kwanza ukucha juu ya mukwaruzo. Ukucha ukikwama, mukwaruzo umepita verni ao uko karibu kupita, usijaribu kuutoa wote. Upunguze tu, ao uache. Ukucha usipokwama, jaribu ku sehemu ndogo, mukono mumoja kwa mukono mumoja, na polishi ile nyepesi kuliko zote. Ikitosha, endelea nayo. Ukianza na ile kali, huwezi kurudi nyuma. Funika na skochi ya karatasi kandokando ya milango na pembe zote, juu pale verni ni nyembamba zaidi na inatoboka mbio. Fanya na mukono, kipande kwa kipande. Mikono itauma. Wenye kupiga nyundo siku muzima hawatalia kwa hiyo.

Juu ya mashini, nataka kusema wazi. Kuko vijana ndani ya miji yetu wenye kutia eponji ku mashini ya diski, ile ya kukata chuma, na kuiita mashini ya polishi. Ile diski inazunguka karibu mara 11.000 kwa dakika. Mashini ya polishi ya kweli yenye kuzunguka inaenda kati ya 600 na 3.000. Ile ya diski inachoma verni mbele hujahesabu tano, na eponji ikipasuka inaruka ku macho. Ndani ya kazi tunakataa mashini ambayo haikutengenezwa kwa kazi ile. Ku lupango tukatae vilevile. Mwenye kutaka mashini, atafute ile yenye kuzunguka na kutikisika pamoja, haichome kirahisi. Watu kumi wa kartie moja wanaweza kuinunua na likelemba na kupokezana. Na ushike maski na miwani, juu polishi ikikauka inakuwa vumbi.

Kama kipande cha motokari zako za zamani kinaacha rangi ku kitambala wakati wa polishi, usiogope mara moja. Motokari fulani za zamani hazina verni, rangi yenyewe njo ya juu. Lakini motokari mupya ikiacha rangi, simama papo hapo. Verni imeisha.

Na hapo njo kuko kishawishi cha kununua verni na kuipuliza ku lupango. Ndugu, hapana. Verni yenye kuchanganywa na kigumisho iko na kemikali inaitwa isosianati. Inaingia ndani ya mapafu na inaleta pumu ambayo haitoki tena, hata kwa mutu ambaye hakuwa nayo. Karosieri wa kweli anafanya ile kazi na maski yenye hewa safi, ndani ya chumba chake. Sisi tuko na mapafu ambayo yamekwisha kula vumbi la mugodi miaka 20. Tusiyaongezee, na tusiwape batoto wa jirani.

Taa za mbele: hii si uzuri, ni maisha

Kitu kimoja nitakiweka mbele ya kapo na milango: taa. Vioo vya taa za sasa si kioo, ni plastiki inaitwa polikarbonati. Jua linakula ngozi yake ya juu, inakuwa manjano, na mwangaza unapungua. Mutu wa zamu ya usiku anatoka Likasi anaenda Kolwezi, lori limesimama ndani ya giza bila taa, yeye anaona metre chache tu mbele. Tumezika watu juu ya hiyo.

Dawa yake ni ya saa moja na nusu. Funika rangi kandokando na skochi. Chukua karatasi ya musasa ya maji namba 1.000, paka maji mengi, suguza kwa njia moja mupaka manjano yote itoke. Kisha namba 2.000, kwa njia ya kukata ile ya kwanza. Kisha 3.000 kama unaipata. Mwisho polishi na mukono mupaka iwe safi. Dawa ya meno inasaidia kidogo kama hauna polishi, lakini haidumu. Na juu yake weka nta ao kinga ya jua, juu ile ngozi ya fabriki imekwenda na manjano itarudi. Kama huna nguvu ya kufanya motokari muzima mwezi huu, fanya taa tu.

Mwisho wa yote ni nta

Polishi inaondoa, nta inaongeza. Nta haikate kitu. Inakaa juu ya verni na inapokea jua, vumbi na mavi ya ndege pahali pake. Nta nzuri ya zamani ni ya karnauba, inatoka ku majani ya mutende moja wa Braziliya. Paka kidogo sana, ngojea ikauke, panguza. Ndani ya miezi ya jua rudia kila miezi miwili. Utajua imekwisha siku maji hayafanyi tena matone juu ya kapo. Mutu akishika tu mambo mawili, kuosha vizuri na nta, atakaa miaka bila kuomba polishi.

Kwa wale wenye kupinga

Nasikia wenye kusema: hii ni majivuno, mufanyakazi apiganie mushahara, asipoteze wakati na kungarisha mabati. Mimi najibu: kupigania franka yenye kuingia na kuacha yenye kutoka ni nusu ya kazi. Na hakuna mwenye kukuambia uache ile ya kwanza.

Wengine wanasema: munataka kunyima mukate vijana wa lavaje. Hapana, hii ni neno la kweli na nalikubali. Wale vijana ni batoto wetu. Lakini yule anayejua ndoo na sabuni ya unga tu analipwa kidogo, na iko na mwenzake mia ku kila kona. Yule anayejua kutofautisha polishi na nta, kutengeneza taa, kufunika pembe mbele ya kukata, atalipwa kama fundi. Tuwafundishe. Umpe kijana wa kartie nusu ya kapo, wewe ushike nusu ingine, mufanye pamoja.

Na tuwaze siku ya kesho. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines kwa ile tuliyoita départ volontaire. Walipokea franka za mara moja. Wenye kuwa na ufundi ku mikono walikuwa na kitu cha kufanya wakati franka ziliisha. Bei ya kobalti ilianguka, na mwisho wa mwaka wa 2019 mugodi wa Mutanda ukasimama karibu miaka miwili. Mwaka wa 2025 serkali ilifunga kobalti isitoke inje. Kobalti haituulizi ruhusa mbele ya kuanguka. Nyumba yenye ufundi mumoja wa pembeni, hata ule mudogo wa taa na nta, haifi njaa kwa mwezi wa kwanza.

Tunachoomba kwa wakubwa

Lakini mufanyakazi peke yake haitoshe. Kode ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inamuomba mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake, na kuko komite ya usalama na usafi ambamo sisi wafanyakazi tuko na kiti. Tupeleke ndani ya ile komite maombi matatu.

La kwanza: pahali pa kumwagia maji motokari za wafanyakazi ku mulango wa kutokea, sawa vile malori ya kampuni yanaoshwa. Vumbi la mugodi libaki ku mugodi. La pili: parking ya wafanyakazi isiwekwe upande ambao upepo unapeleka moshi wa asidi. Parking ya wakubwa haiko pale, muangalie wenyewe. La tatu: nguo za kazi zifuliwe ku kazi, zisirudi nyumbani ndani ya motokari na kukaa ku kiti cha mutoto.

Haya si maombi ya anasa. Bomba moja, sakafu ya simiti, na shimo la kupokea maji machafu: kampuni inayojua kujenga kiwanda inajua kujenga hiyo kwa juma moja. Delege wenzangu, muyaandike ku ajenda ya kikao chenye kuja, na muombe jibu kwa karatasi, hapana kwa mudomo.

Na wewe msomaji, juma pili hii, kisha kanisa, tafuta ndoo ya pili.